Malalamiko Kuhusu Chumba Kisicho na Ufunguo

Mageni Luhende,
Mwalimu wa Usalama, Kikundi cha Wachimbaji Wadogo Tupige Moyo,
Kharumwa, Nyang'hwale.
18 Agosti 2025

Bi Shamimu Abdulshakur,
Mmiliki, Chumba cha Mafumbo "Toka Ukiweza",
Ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi,
Kalangalala, Geita.

YAH: CHUMBA CHAKO KUKOSA UFUNGUO, NA OMBI LA KUSHUSHWA KWA PICHA YETU UKUTANI

Ndugu Mmiliki,

Kichwa cha barua kimeshasema yote, lakini najua watu wa mjini husoma kichwa wakaishia hapo, kwa hiyo naomba uketi na usome mpaka mwisho. Sisi huku Kharumwa hatujambo, ng'ombe hawajambo, na pamba imeshatoka shambani. Kwa umri ningekuita mwanangu, ila hii ni barua rasmi, nami nitaendelea kukuita Ndugu Mmiliki mpaka hapo tutakapoelewana.

Bila shaka unanikumbuka. Jumamosi ya tarehe 9 Agosti, siku moja baada ya Nanenane, tuliingia kwenye chumba chako watu wanne. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni mke wangu Zipora, Mama Noela. Wa tatu ni Noela mwenyewe, binti yetu, mwalimu wa shule ya msingi huko Kishapu, ambaye aliona tangazo lako kwenye simu akasema ndiyo zawadi yangu ya kutimiza miaka sitini. Wa nne ni mdogo wangu Masalu, ambaye mimi na yeye tulikuwa hatujasemezana tangu mwaka 2017, jambo lisilohusiana kabisa na barua hii.

Ulitueleza kwamba chumba kinaitwa Shimo la Mjerumani, kimepambwa mfano wa mgodi wa zamani, na kwamba tutafungiwa humo dakika sitini. Tufumbue mafumbo, tupate ufunguo, tufungue mlango, tutoke. Hatukutoka. Ukatupiga picha mlangoni tukiwa tumeshika ubao ulioandikwa TUMESHINDWA KUTOKA, ukaibandika juu ya ngazi, mahali palipoandikwa Ukuta wa Walioshindwa.

Ndugu Mmiliki, mimi nimekaa chini ya ardhi miaka ishirini na miwili. Kumi na miwili kati ya hiyo nilikuwa meneja wa duara, yaani mtu anayeshuka na wenzake shimoni na kuwajibika kwa kila kichwa kilichoshuka. Leo hii kazi yangu ni kuwafundisha vijana namna ya kutoka salama duara likifunga kwa kifusi. Jumanne iliyofuata nilisimama mbele yao kama kawaida. Mmoja akanyoosha mkono akauliza kama somo hili ni lile la kabla ya Kalangalala au limerekebishwa. Katibu wa kanisa naye amenipa pongezi za kutolewa. Kila anayekwenda Geita kununua msumari anarudi na habari za uso wangu.

Na hukuishia hapo. Jumatano ulimpigia Noela simu ukamwambia kwamba tangu tuondoke ufunguo hauonekani na chumba kimefungwa. Kwa maana hiyo tumeshindwa, halafu tena tumeiba. Ndipo nilipochukua kalamu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Dari. Nilipoingia, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuangalia juu. Kila mchimbaji unayemwona na mvi ameziota kwa sababu ya tabia hiyo. Nikagonga dari kwa kifundo cha kidole, nikasikia patupu. Jipsamu, Ndugu Mmiliki, iliyopakwa rangi ya mwamba! Chini yake boriti mbili za mapambo zisizobeba chochote isipokuwa taa moja ya karabai. Shimo zima halina timba hata moja. Matimba, kama hujui, ni magogo tunayosimika ili mwamba usitufuate, na duara lisilo na matimba kwetu hata mbuzi haingizwi.

Kwa hiyo mafumbo yalisubiri, tukasimika kwanza. Tuling'oa miguu ya meza. Benchi tukalisimamisha wima chini ya boriti ya kwanza, rafu ya vitabu chini ya boriti ya pili. Masalu alishika upande wa pili bila kuambiwa, maana tangu ujana wetu anajua nitakapoweka timba kabla sijaliinua. Ulitangaza kwenye spika kwamba meza ni sehemu ya mchezo. Nilikujibu kwa adabu kwamba sasa ni sehemu ya dari. Kazi yote ilichukua dakika kumi na nne, na nimesikia kutoka kwa Noela kwamba mpaka leo mafundi wako wameshindwa kulitoa lile benchi. Nakushukuru kwa sifa hiyo, ingawa hukukusudia kuitoa.

2. Salamu. Tukiwa bado tumebeba, sauti ilitoka juu bila hodi ikasema, "Mmebakiza dakika hamsini na tano." Zipora aliitika abee, akatua alichobeba, akaangalia juu na kusalimia, "Mwadila." Kimya. Akauliza anayesema ni nani, na ni mtoto wa nani. Kimya. Mke wangu ni mwenyekiti wa kina mama kanisani mwaka wa tisa sasa, na hajawahi kutumwa kazi na mtu asiyemsalimia. Akaketi juu ya toroli na kutangaza kwamba neno lolote litakaloshuka kutoka huko juu bila shikamoo yeye hatalisikia, na kwamba sisi wengine tunaweza kulisikia kama tumeamua kuishi hivyo.

Uliyakumbuka malezi yako dakika ya thelathini na moja. "Shikamoo mama." Akakuitikia marahaba vizuri tu, akakuuliza hali ya wazazi, akakuuliza kama umeolewa, nawe ukajibu kwa kirefu. Dakika nne zikaenda. Sikulaumu kwa zile nne, nakulaumu kwa thelathini na moja za kwanza.

3. Marehemu. Kwenye kona, chini ya kofia ya chuma, umelaza mifupa ya mtu. Noela aliniambia, "Baba, ni plastiki." Nilimwambia nimeona. Lakini kwetu maiti ikionekana kwenye duara, kazi inasimama. Hakuna anayegusa nyundo. Kofia zinavuliwa, jina linatafutwa, na yule ndiye anayetolewa kwanza kabla ya walio hai, kwa sababu amengoja kuliko wote. Hatuna sheria nyingine kwa ajili ya plastiki.

Wewe ukatuagiza tumpekue mbavuni, eti kuna karatasi. Tulikuuliza jina lake. Ukasema hana jina, ulimwagiza Dar es Salaam. Zipora alisikitika sana, akampa jina la Marselino, kwa kuwa shimo ni la Mjerumani na aliona huenda alikuwa Mkatoliki. Masalu akavua koti lake akamfunika. Kisha akaitazama spika yako, mtu ambaye hupitisha siku tatu bila kufungua kinywa, akasema, "Huyu atoke kwanza." Tukasali. Dakika nane. Karatasi ya mbavuni hatukuichukua na sioni aibu.

4. Kugonga. Hapa ndipo unapotudhihaki mbele ya wateja wako, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Mlango ukifunga nyuma ya mchimbaji, mjinga hukimbia huku na huko akishika kila kitu. Huo ndio mchezo unaouza wewe. Mwenye akili huketi. Huzima taa na kubakiza moja. Hupumua kidogo, husema kidogo, huchukua jiwe na kugonga ukuta mara tatu, kisha husikiliza. Hugonga tena mara tatu, husikiliza tena. Ndivyo watu wanavyopatikana. Noela peke yake ndiye aliyekuwa akihangaika na masanduku yako ya namba, alifungua mawili, akasema la tatu linahitaji vitabu vya kwenye rafu. Nilimweleza kwamba rafu iko kazini. Naye akaketi.

Tukagonga. Wewe ulitusikia, kamera yako inasikia mpaka pumzi, na hukugonga kujibu. Huku kwetu anayesikia mlio wa jiwe hujibu, hata kama aliye ndani ni mtu aliyegombana naye. Aliyetujibu ni Bwana Abdu wa duka la chini, asiyetufahamu kabisa. Aligonga bomba la maji mara tatu. Zipora alilia machozi. Punde tukasikia miguu kwenye ngazi: Bwana Abdu na wateja wake watano, na mtaimbo, na sululu mpya ambayo hata bei haijabanduliwa. Ukawazuia ukisema ni mchezo. Nilimsikia kwa masikio yangu akikuuliza, "Mchezo gani watu wanagonga?" Swali hilo, Ndugu Mmiliki, hukulijibu na mimi nalirudia hapa kimaandishi.

Nalalamika pia kwamba kabla ya hapo, kuanzia dakika ya thelathini na sita mpaka ya arobaini na sita, spika yako ilinyamaza kabisa. Hakuna kidokezo, hakuna muda, hakuna chochote. Dakika kumi nzima tuliachwa gizani na taa moja. Katika kukaa huko watu walizungumza mambo ya kifamilia yasiyokuhusu, na kama uliyasikia nakuomba uyasahau.

5. Mwaka 2017. Nilisema halihusiani, na bado halihusiani, ila mtiririko wa hoja unanilazimisha.

Kanuni ya kwanza ya duara ni kwamba meneja hushuka wa kwanza na kutoka wa mwisho. Hii haijaandikwa popote na kila mtu anaijua. Mwaka huo duara letu lilifunga mlangoni, tukabaki ndani mimi na Masalu kwa saa kumi na tisa. Tuligonga. Wenzetu wakatoboa tundu dogo wakashusha kamba. Mimi nilipanda. Nilipanda kwa sababu mguu wa Masalu ulikuwa umebanwa na jiwe, kamba isingemfaa, na waliokuwa juu walihitaji mtu wa kuwaonyesha alipo. Hivyo ndivyo nilivyomweleza kila aliyeniuliza, na wengi ambao hawakuniuliza. Kifusi kikashuka tena, tundu likaziba. Masalu alikaa humo peke yake saa sita nyingine. Alitoka akichechemea na anachechemea mpaka leo.

Hakunitukana. Hakunishtaki kwa wazee. Aliacha tu kusema na mimi. Mashamba yetu yamepakana. Akitaka jembe langu humwambia Zipora, Zipora huniambia mimi niliyesimama hatua mbili kutoka alipo, nami humjibu Zipora. Kwenye msiba wa mama yetu tulibeba jeneza upande mmoja, yeye mbele, mimi nyuma yake, na aliyekuwa akituelekeza ni jirani. Nimeishi na kisogo cha mdogo wangu miaka minane, Ndugu Mmiliki, na inaniuma. Nimelisema, tuendelee.

6. Ufunguo. Sasa unaona ukubwa wa kosa lako. Noela alipotuambia kuna chumba ambacho watu hufungiwa na kutoka kwa ufunguo, nilikubali kwa sababu moja tu. Nilikusudia kuupata, kuufungua mlango, kusimama kando na kusema: Zipora, pita. Noela, pita. Masalu, pita. Kisha mimi, wa mwisho, mbele ya mashahidi na kamera. Mtu hapewi nafasi ya namna hiyo mara mbili. Nilivaa suruali mpya kwa ajili yake.

Bila ufunguo hakuna wa kwanza wala wa mwisho, kuna watu wanne tu waliokaa. Umeninyima jambo kubwa kwa uzembe mdogo. Na sasa unadai kwamba ufunguo ulikuwepo, ndani ya ile taa ya karabai, juu ya boriti ya pili. Mimi ndiye niliyesimika timba chini ya boriti hiyo. Mimi ndiye niliyeipapasa taa hiyo kwa mkono wangu kuona kama haitamwangukia mtu. Ufunguo wa chuma mzito namna ile, mrefu kama kidole cha kati, wenye kutu upande mmoja na uzi mwekundu kwenye tundu, ungewezaje kunipita? Haukuwepo. Na kitu kisichokuwepo hakipotei, wala hakiwezi kufunga biashara ya mtu.

7. Muda. Tangazo lako linasema dakika sitini. Saa yangu ni ya kuaminika, nimeipandia na kuishukia maduara mengi. Mlango uliufungua kutoka nje dakika ya sabini na mbili. Zile kumi na mbili za ziada ni za nani? Kama ni zawadi ungesema. Kama ni usahaulifu, basi jua kwamba kuna wanadamu waliobaki ndani huku wewe umekaa kwenye kiti chako nje unatazama.

8. Kutoka. Ulipofungua ulisema tutoke haraka kwa kuwa kuna kundi la wafanyakazi wa ofisi fulani linangoja. Hakuna kutoka haraka. Kwanza nilihesabu vichwa. Vinne, na Marselino wa tano. Ukakataa Marselino asitoke, ati ni mali ya chumba. Masalu alikwishambeba. Mkavutana mlangoni, wewe miguu, yeye mabega, na wale wa ofisi wakitoa simu zao kuchukua video. Mwisho tulikubaliana kwamba atoke, afike kwenye ngazi, apumzike, kisha arudishwe akiwa amesimama. Nakupongeza kwa kukubali. Wakafuata Zipora na Noela. Halafu nikamwambia Masalu apite.

Hakupita. Alisimama pale akinitazama, muda ambao sikuupima. Kisha akapita.

9. Picha. Sasa narudi kwenye kiini. Picha hiyo ni ya uongo kwa kila hali. Ubao unasema tumeshindwa, lakini watu walioshindwa hawakai vile. Zipora ameangalia pembeni kwa sababu anaongea na Bwana Abdu. Noela amefumba macho. Mimi nimetoa meno kama mtu aliyeuza ng'ombe mbovu. Na Masalu anacheka. Amecheka mpaka fizi zinaonekana, mkono wake ukiwa begani kwangu, jambo lililowashtua watu wa Kharumwa kuliko huo ubao. Watu wananiuliza nimemfanya nini. Wengine wanasema picha imetengenezwa kwa kompyuta. Imenibidi kueleza mambo ambayo kwa miaka minane sikulazimika kuyaeleza.

Kutokana na hayo yote, nadai yafuatayo, nami sitapunguza. Picha ishushwe. Chumba kipigwe matimba ya mti mgumu, na ninajitolea kusimamia. Kila sauti itakayotoka kwenye spika ianze na shikamoo, hata kama ndani kuna watoto, watajifunza. Marselino abaki na jina lake na akaguliwe kila Jumapili. Bwana Abdu apewe cheti cha uokoaji chenye muhuri, na kwa kuwa ndiye mtu pekee Kalangalala aliyejibu kugonga kwetu, jina la chumba libadilishwe liwe lake. Utoe tangazo la redio kukiri kwamba ufunguo haukuwepo, lisomwe mara tatu kwa siku, mara moja kwa Kisukuma ili wazee wa kwetu wasipitwe.

Nisipojibiwa ndani ya siku kumi na nne nitaandika wilayani. Wilaya isipojibu nitaandika mkoani. Mkoa usipojibu nitapendekeza kwa wanaohusika kwamba kila mlango katika ukanda huu wa dhahabu ukaguliwe, wa duka, wa darasa, wa benki, wa choo, na kila mwenye mlango athibitishe kwa maandishi nani atatoka kwanza na nani atatoka mwisho. Nina muda, kilimo kimeisha mpaka mvua za Novemba.

Nimejitahidi kuandika bila hasira. Zipora anasema sikufanikiwa, ila anasema mwandiko ni mzuri.

Wasalimie wazazi wako, uliotueleza kwamba wako Kahama na mama anasumbuliwa na goti. Zipora anasema asiliache kwenye baridi. Msalimie Bwana Abdu na wateja wake watano mmoja mmoja. Wasalimie wale wa ofisini, waambie video wameichukua kwa upande mbaya. Msalimie Marselino. Noela amesharudi Kishapu na anakusalimu. Masalu naye anakusalimu, amenituma leo asubuhi, yeye mwenyewe, kwa mdomo.

Anayengoja majibu yako bila kuketi,

Mageni Luhende

Nyongeza: Zipora ameisoma barua hii yote. Amesema haiondoki nyumbani mpaka niandike yanayofuata, na bahasha ameishika yeye.

Ufunguo ulikuwepo. Niliushika dakika ya tisa, nilipokuwa naipapasa ile taa. Nikauteremsha mfukoni ili mikono iwe huru, nikafungua kinywa niwaambie. Wakati huohuo Masalu, aliyeshika upande wa pili wa rafu, akasema, "Sogeza kushoto kidogo." Aliniambia mimi. Hakupitia kwa Zipora. Nikajua kwamba mlango ukifunguka sasa hivi, atashuka ngazi, atapanda pikipiki yake, na mimi nitabaki na "sogeza kushoto kidogo" mpaka siku nitakayozikwa. Nikasogeza kushoto. Nikanyamaza.

Na ule mguu wa namba 5. Haukuwa umebanwa wakati kamba iliposhuka. Jiwe lilimwangukia baadaye, akiwa peke yake. Nilipanda kwanza kwa sababu niliogopa kufa, basi. Nilimwambia hivyo pale gizani kwako. Aligonga ukuta mara tatu, akasikiliza, akasema alikuwa anajua, ila alikuwa anangoja nimwambie mwenyewe.

Wewe ulisikia. Ndiyo maana spika ilinyamaza dakika kumi, na ndiyo maana mlango ulichelewa kumi na mbili. Asante, mwanangu, wabeja sana.

Madai yote nimeyafuta, isipokuwa cheti cha Bwana Abdu. Picha iache hapohapo. Tunaomba nakala mbili tu, moja itundikwe kwangu, nyingine kwa Masalu.

Ufunguo umo ndani ya bahasha, na uzi wake mwekundu. Nilidhani hakuna aliyeniona nikiuchukua. Tulipokuwa tunashuka ngazi zako, Masalu mbele na mimi nyuma yake, aligeuka akaniambia, "Kaka, ufunguo wa watu uurudishe."